Kioo Nilichokusagia

Mwanangu Saumu,

Najua utacheka ukiona nimeanza hivyo. Umenitangulia kuzaliwa kwa miezi minne, unanizidi kimo kwa kichwa kizima, na tukipita pamoja sokoni unapiga goti mbele ya wauza samaki na kusema kwa sauti, "Shikamoo mama," ili watu wageuke wamtafute huyo mama. Mimi hujibu marahaba kwa sauti ya mbu, huku nikitafuta pa kuficha uso. Lakini mama yako ni dada yangu wa tumbo moja, na kwa hesabu ya nyumba hii mimi ni mama yako mdogo, upende usipende. Leo naomba nilitumie jina hilo bila kuona haya. Ninalotaka kukueleza ni kosa la mama kwa mtoto wake, na kama ningekuandikia kama rafiki ningepata njia ya kulipunguza.

Umetoka na mama yako, Dada Rukia, kwenda kutafuta begi lenye zipu nzima. Alasiri haijaadhiniwa. Nimekaa chumba cha mbele, kamera iko mezani imefungwa kwa shuka, tayari kwa basi la kesho. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kupiga simu ukishuka stendi, mama yako ameyasema na atayasema tena mpaka dereva awashe gari. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo la kioo tu.

Nianze mbali kidogo, unisamehe. Unajua mimi nikieleza kitu huanza na dibaji.

Baba yangu ni babu yako. Ni mtu mmoja, lakini kwako ana mlango mwingine kabisa. Ulipokuwa unakuja kutoka Mabawa kila Jumamosi, ulikuwa unaingia hapa Ngamiani bila hodi, unamvua kofia, unamwambia, "Mume wangu, leo umependeza, unakwenda kumwoa nani tena?" Naye anakujibu kwamba mke asiyejua kutia nazi kwenye wali hana ruhusa ya kuuliza. Mjukuu ana haki hiyo. Mimi ni binti. Binti humwamkia baba yake asubuhi, humpelekea chai, hukaa upande wa pili wa mkeka na kusubiri kuulizwa. Katika miaka kumi na saba sijamtania baba yangu hata mara moja, wala yeye hajanitania. Ananipenda, hilo silitilii shaka. Ananipenda kwa kimya, nami humjibu kwa kimya, na kwa kimya mtu hafundishwi kupiga picha.

Kamera hii ya kazi ya baba nimeifuta vumbi tangu nikiwa darasa la tatu. Nilijua kila skrubu yake. Nilijua harufu ya ule mfuko wa ngozi wenye mikunjo, na mahali ambapo baba aliubandika kiraka kabla sijazaliwa. Nilisoma kila kitabu cha fizikia chenye sura ya lenzi. Nilikuwa nasubiri siku atakayoniuliza, "Mwana, unataka kujifunza?" Nilikuwa na jibu tayari, nimelipanga vizuri, lina sentensi tatu. Hakuuliza, nami sikuomba, maana niliona kumwomba ni kumsumbua.

Wewe ulijifunika kitambaa cheusi bila ruhusa, ukapiga kelele kwamba bibi anatembea kichwa chini miguu juu ndani ya kioo. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Kaa hapohapo, mke wangu," akasema, "nikuonyeshe namna ya kumtuliza." Dakika ileile ukaanza kufundishwa. Mimi nilikuwa mlangoni na kitambaa cha vumbi mkononi. Hukuniona, na si kosa lako. Sikuwa nimesema kitu.

Kuanzia hapo nilikuonea wivu, na sitalipamba neno hilo. Nilikuwa nikisikia kicheko chenu nikiwa uani nafua, nafua kwa nguvu mpaka vifungo vinakatika. Nilikuwa nahesabu mara ngapi amekuita. Siku usipokuja, baba alikaa barazani akitazama upande wa Mabawa, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikisoma kitabu kisichogeuka kurasa.

Kisha, masika ya mwaka jana, kioo cha kulengea kikakuponyoka.

Niyaseme unayoyajua, maana kosa langu limekaa humo ndani. Kioo hicho kiko mgongoni mwa kamera. Upande mmoja ni laini, upande wa pili umesagwa mpaka ukawa na ukungu, na lenzi hutua picha yake juu ya ule ukungu. Mpiga picha anaingia chini ya kitambaa, anaitazama, anausogeza mgongo wa kamera mbele au nyuma mpaka uso wa mtu unakuwa mkali. Halafu anakiondoa kioo na kuweka kasha la karatasi ya picha mahali pake. Karatasi inakaa palepale ulipokaa ukungu. Ikikosea hapo kwa unene wa njiti, kila alichokiona mpiga picha kimekuwa cha bure.

Kioo kilipopasuka sakafuni ulilia. Mimi nilikuletea maji, nikakusugua mgongo, na moyoni nikafurahi. Hilo ni la kwanza la kukiri.

Baba hakukugombeza. Aliokota vipande, akavifunga kwenye gazeti, kisha akaniita mimi. "Mwana, wewe ndiye msomaji. Kitafute kioo." Maneno sita tu, lakini nilikwenda kuyarudia peke yangu jikoni.

Sijui kama uliwahi kufahamu nilivyokihangaikia kile kioo. Kwanza nilikwenda kwa fundi vioo wa Usagara nikamweleza. Akanipa kipande cha kioo cha madirisha ya bafu, kile chenye vipele. Nilikirudisha nyumbani na kukijaribu: uso wa bibi yako ukawa kama uji ulioshikana mabonge. Nikachukua kioo cha kawaida, nikakibandika karatasi ile ya kunakilia ramani tunayotumia shuleni. Hicho kilikuwa kizuri kweli, chenye mwanga mzuri mpaka pembeni, lakini unaijua hewa yetu hapa. Siku mbili tu karatasi ilikunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Nikajaribu plastiki nyeupe ya kifuniko cha taa. Ilikuwa na giza, baba alisema ni kama kutazama harusi kupitia chandarua. Kila jioni nilimpelekea jaribio moja, akaliweka juani, akalipitishia kidole, akasema sababu ya kulikataa. Alikuwa anasema na mimi, Saumu. Nilikuwa naomba vioo visipatikane.

Mwishoni niliandika kwenye daftari mambo ninayoyataka: kisiwe na chembe kubwa, kisinywe unyevu, kiingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Kwa mambo hayo hapakuwa na kioo cha kununua. Ilibidi kisagwe. Baba akasema gereji wana dawa ya kusagia valvu, ile nzito kama mchanga uliochanganywa na mafuta, na akamtuma jirani akailete kwenye kopo la maziwa.

Nilisaga kwa siku tatu, likizo ya mwezi wa sita. Kioo kimoja chini juu ya gazeti lililolowa, kingine juu yake, dawa katikati, na mikono inazunguka kama inayoandika nane. Baba alikaa kitini barazani, amefumba macho, anasikiliza. Sauti ikiwa kali anasema endelea. Ikififia anasema, "Dawa imechoka, ongeza." Vidole vyangu vilivimba. Siku ya pili alinisimulia jinsi alivyokuja mjini kutoka Pangani akiwa kijana, akabeba maji kwa mpiga picha mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa kitambaa. Sikuwa nimeijua habari hiyo. Baadaye uliniambia wewe ulishaisikia mara tatu, na inachekesha zaidi anapoigiza sauti ya yule bosi wake. Mimi hakuniigizia sauti.

Siku ya tatu kioo kikawa tayari. Nilikiosha, nikakiinua kwenye mwanga wa alasiri, kikawa kama maziwa yaliyogandishwa, sawasawa kila mahali. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Baba alikishika, akapitisha kidole gumba kwenye upande uliosagwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilisubiri aseme, "Mwana, wewe uwe wa kwanza kutazama."

Akainua sauti kuelekea ndani. "Mke wangu, njoo. Jicho lako jipya limekuja."

Ukaja mbio, mikono ina unga wa chapati. Ukanikumbatia, ukasema mama mdogo hana mfano. Baba akaniambia nikitie kwenye fremu, kwa kuwa mikono yako ilikuwa michafu.

Ningependa kukuandikia kwamba hapo nilikosea. Sikukosea. Nilijua upande uliosagwa unatakiwa kuelekea lenzi. Nilikuwa nimeuchora kwenye daftari na mishale. Nilikigeuza nikautazamisha nje, nikakaza skrubu mbili za chini, nikapangusa alama za vidole. Nilifanya polepole. Nilitaka picha yako ya kwanza iharibike, basi. Nilidhani baba ataona una mkono mbaya, atacheka kidogo, halafu ataniita mimi.

Picha ya kwanza ulimpiga yeye, amekaa mbele ya mlango na kanzu yake ya Ijumaa. Ilipotoka kwenye dawa, kila msumari wa mlango ulionekana, na uso wake ulikuwa moshi. Alisema, "Mwanamke huyu anapenda mlango kuliko mume." Tukacheka sote, hata mimi. Ya pili ikatoka vilevile, na ya tatu. Ya nne hakutania. Akaniita, akaniuliza mbele yako, unakumbuka: "Mwana, ule uso uliosagwa umeuelekeza wapi?"

Nikasema, "Kwenye lenzi, baba."

Hakukifungua. Angeweza kupitisha kidole mara moja tu na kujua, lakini hakuona haja. Kioo amekiweka Mwana, na Mwana hasemi uongo. Watu wakimwona mtu ameinamisha macho wanadhani ndani yake ni kweupe. Haya yangu imenifichia mambo mengi, mwanangu, na hili ndilo kubwa lao. Huko uendako utafanya kazi na watu wa kila namna. Sitakuambia uwaogope wanaopiga kelele; hao utawajua mapema. Ukifanya kazi na mtu mpole asiyesema neno, mpende, lakini kioo alichokifunga kipitishie kidole.

Ya tano baba akakukalisha wewe mbele ya mlango, akajifunika kitambaa mwenyewe. Alikaa chini yake muda mrefu, tukasikia akipumua. Alilenga, akatoka, akapiga. Ilipotoka, mlango ulikuwa mkali kama kawaida na uso wako ulikuwa moshi. Akakunja kile kitambaa mara nne, taratibu, akakiweka mapajani. Akakuambia, "Si mkono wako. Macho yangu ndiyo yamekwisha, nami nimekufundisha kwa macho yaliyokwisha." Kisha akaenda kuswali. Tangu siku ile hajaingia tena chini ya kitambaa.

Wewe ulilia tena. Mimi sikukuletea maji safari hii. Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani, na kila nilipofungua mdomo ili nitoke niseme, niliona uso wake akigundua kwamba binti yake ni mtu wa namna hiyo. Nikaona heri asubuhi. Asubuhi nikaona heri Ijumaa. Mwaka umepita hivyo. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno mawili. Kuulinda ndiko kulikonila siku zangu.

Wewe hukukata tamaa, na hapo wivu wangu ukakosa pa kusimama. Uliharibu karatasi nyingi, ukapima, ukajaribu, mpaka ukagundua kwamba ukishalenga, ukauvuta mgongo wa kamera nyuma kwa unene wa njiti ya kiberiti, picha inatoka kali. Hakuna aliyekufundisha. Ukawa unatembea na njiti ileile moja, umeichomeka kwenye nywele, na ukiulizwa unasema kila kamera ina tabia yake na hii yetu inataka kubembelezwa. Ulifurahi pia kwamba kioo kipya kinakubali penseli, tofauti na kile cha zamani, ukachora juu yake mistari ya kunyooshea nyumba. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Kioo laini hakishiki penseli, Saumu. Ulikuwa unaandika juu ya uongo wangu, nami nikakuchongea penseli.

Watu wenye simu za kamera tatu wakaanza kuja kupigwa picha ya kusubiri siku mbili. Ukapeleka picha zako kumi kwenye chuo cha picha Dar es Salaam, wakakutaka. Kesho unakwenda nayo kamera, baba amekupa yeye mwenyewe, na mimi bado nakuonea wivu ninapoandika mstari huu. Sikuandikii kwa sababu wivu umeniisha. Nakuandikia kwa sababu huko Dar es Salaam mwalimu wako atakifungua kioo siku ya kwanza, atakuona hujui hata upande wa kukiweka, na utasimama mbele ya wenzako umechanganyikiwa kwa kosa langu. Au atakigeuza bila kukuambia, na njiti yako iliyokuwa inakuokoa itaanza kukuharibia, na utadhani ni wewe. Nimeshamwona mtu mmoja akidhani ni yeye. Siwezi kumwona wa pili.

Leo asubuhi, ulipokuwa unaaga majirani, nilimpelekea baba chai. Nikakaa upande wangu wa mkeka. Nikamwambia yote, kuanzia skrubu. Nilisema nikitazama kikombe, kwa sauti ndogo hivi kwamba mara mbili aliniambia nirudie, na kurudia ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kusema. Nilipomaliza hakuuliza kwa nini. Nadhani alijua, au hakutaka kunisikia nikilitaja. Chai ikashika utando mbele yake. Akasema, "Mwaka mzima sijatazama ndani ya kamera."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

Sikujua kama niondoke. Yeye alinywa ile chai ya baridi, yote, akanirudishia kikombe. Akasema, "Nenda ukamwambie mwanao."

Nimelifikiria neno hilo tangu asubuhi. Angeweza kusema Saumu. Angeweza kusema mke wangu, kama anavyokuita siku zote. Hakunisamehe, usifikiri hivyo, maana mchana amekula bila kunitazama. Lakini amenipa kazi, na kazi yenyewe ni ya mzazi. Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Nilikufuata mpaka uani ulipokuwa unaanika mtandio, ukageuka ukasema, "Shikamoo mama, mbona umenuna," nikasema nimekuja kuchukua ndoo.

Basi sikiliza. Kioo sijakigeuza. Nilitaka kukigeuza leo kabla sijaandika, nikatoa bisibisi, nikairudisha, kwa sababu ningekigeuza kwa siri kama nilivyokigeuza mara ya kwanza. Kigeuze wewe, leo hii, ukishasoma. Bisibisi ndogo imo ndani ya bahasha hii. Ni skrubu mbili za chini. Za juu usiziguse, mbao yake imechoka. Futa mistari yako ya penseli kwa pamba na maji, pole sana. Pitisha ukucha pande zote mbili: unaokwaruza ndio uelekee lenzi. Kaza kidogo tu, kioo hakipendi kubanwa. Nilikisaga vizuri, Saumu. Kitu pekee kisicho na kosa katika habari hii ni kioo chenyewe, na utaona kitakavyokuonyesha watu kikikaa mahali pake.

Halafu mwite mume wako. Jua likiwa bado lipo, mkalishe mtu mmoja mbele ya ule mlango, na umwambie babu aingie chini ya kitambaa alenge yeye. Atakataa. Mimi siwezi kumshurutisha, sina mlango huo. Wewe mvue kofia, mwambie umri umemfanya mwoga, mwambie lolote unalomwambiaga, mpaka aingie. Mimi nitakuwa mlangoni. Ukinitaka nikae kwenye kiti nipigwe, nitakaa, na ukinitaka nisikanyage hapo, nitakwenda uani na sitanuna.

Huko uendako nitakukosa zaidi ya ninavyoweza kuandika, na nusu ya kukukosa huko kutakuwa ni kumsikia baba hacheki. Nitajifunza kumchekesha. Sijui nitaanzia wapi. Huenda nitauliza habari ya yule bosi wake, nimwombe aigize sauti.

Kamera nenda nayo, ni yako. Ile njiti ya kiberiti, ukishaitoa kwenye nywele, niachie mimi dirishani.

Mama yako mdogo,
Mwana